Uliza Ujibiwe: Hii mistari ya mabamba kwenye ramani ilitoka wapi?

Safari hii ukurasa wote ni wa mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vigumu vya tabaka la juu la dunia vinavyosogea taratibu, maana maswali yamekuja mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo yanayofanana nimeyaunganisha na mengine nimeyapunguza, kuna mtu kaandika kurasa mbili za salamu na malalamiko kabla hajafika kwenye swali lenyewe (tunakupenda ila punguza).

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha tatu. Kwenye kitabu cha jiografia kuna ramani ya dunia ina mistari inayogawa mabamba, na mstari mmoja unapita katikati ya bahari kabisa. Nilimuuliza ticha nani aliiona hiyo mistari akasema wanasayansi. Waliionaje sasa wakati iko chini ya maji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ticha hajakosea, kakupa tu jibu la mtu anayewahi kipindi kingine. Kiukweli ile mistari hakuna aliyeshuka akaikuta imechorwa, imepatikana kwa kufuata nukta, na nukta zenyewe ni matetemeko ya ardhi. Chukua ramani tupu isiyo na nchi wala bahari, weka nukta kila mahali lilipotokea tetemeko, mwanzoni utaona vurugu tu, tano huku kumi kule, lakini zikifika maelfu zinaanza kujipanga zenyewe, zinatengeneza mikanda mirefu inayozunguka dunia nzima, na kati ya mkanda na mkanda kuna maeneo mapana ambayo ni kimya karibu kabisa. Ile mikanda ndo mipaka. Yale maeneo ya kimya ndo mabamba.

Kwanini iwe hivyo? Kwa sababu bamba ni gumu na linasogea lote kwa mpigo mmoja, huko katikati halina la kugombana nalo, ugomvi wote uko pembeni linapokutana na mwenzake. Pale mwamba unabanwa au unavutwa miaka na miaka huku umekwama, unajikunja kidogo kidogo, siku ukishindwa unakatika na kuruka, pengine mita kadhaa ndani ya sekunde chache, na hilo ndo tetemeko.

Haya, na nukta moja inapatikanaje? Tetemeko linatoa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi, la kwanza wanaliita P, linakimbia kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye ganda la dunia, la pili ni S, lenyewe linajivuta kilomita 3 na nusu hivi. Yanaondoka pamoja lakini hayafiki pamoja, na kadiri ulivyo mbali ndivyo S linavyozidi kuachwa, ni hesabu ileile ya radi na ngurumo. Kwa tetemeko la karibu kila sekunde moja ya tofauti ni kama kilomita 8. Kwa hiyo kituo kikipima tofauti ya sekunde 10 wanajua limetokea umbali wa kilomita 80 hivi, ila upande gani hawajui, wanachora duara. Kituo cha pili nacho kinachora lake, cha tatu pia, na maduara yanapokatana ndo penyewe.

Cha kuchekesha ni kwamba ramani nzuri za nukta tumezipata kwa sababu ya mabomu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilitaka kujua Wasovieti wanalipua nyuklia chini ya ardhi lini na wapi, ikatoa hela, vikafungwa vituo zaidi ya 100 kwenye nchi nyingi, vyote na vifaa vya aina moja na saa zinazokubaliana. Wao walikuwa wanawinda mabomu, matetemeko yakawa yanaingia bure kila siku. Mwaka 1969 watafiti wawili, Barazangi na Dorman, wakachapisha ramani ya matetemeko karibu 30,000, yote ya kuanzia 1961 hadi 1967, na ile ramani mtu haitaji kueleweshwa, unaitazama mabamba yanajionyesha yenyewe. Angalia pia upana wa mikanda, mwanangu, hilo vitabu vya shule vinaliruka. Katikati ya bahari mkanda ni mwembamba sana, lakini kwenye nchi kavu kama kuanzia Uturuki na Irani hadi Tibet unatawanyika mamia ya kilomita, maana ganda la bara ni nene na lina nyufa za zamani kibao, likibanwa linavunjikia sehemu nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo ule mstari mmoja safi uliochorwa kitabuni hapo Asia ni heshima tu wamempa mchoraji.

SWALI: Ndugu mwandishi, kila likitokea tetemeko redioni wanataja ukubwa halafu wanaongeza "katika kina cha kilomita kadhaa". Ukubwa naelewa, ila hicho kina kinatusaidia nini?

JIBU: Ndugu yangu umeuliza swali ambalo mimi naliona ni tamu kuliko yote. Mahali nukta ilipo inakuambia mpaka uko wapi. Kina kinakuambia ni mpaka wa aina gani, yaani huko chini mabamba yanafanyana nini.

Twende Japani uone. Mashariki ya Japani baharini kuna mtaro mrefu chini ya maji, kina chake kinafika kama mita 8,000, wakati sakafu ya bahari ya kawaida kule ni mita 5,000 na kitu. Matetemeko ya jirani na huo mtaro ni ya juujuu, kilomita 10, 20, 40, na ndo huko lilitokea lile la Machi 2011 la ukubwa wa 9 lililoleta tsunami. Sasa anza kwenda magharibi. Ukifika chini ya kisiwa chenyewe cha Honshu unakuta matetemeko mengine yako kilomita 100 chini. Vuka uingie Bahari ya Japani, yapo ya kilomita 300. Endelea hadi upande wa Vladivostok na mpaka wa China unayakuta kilomita 500 na zaidi. Ukiyachora yote kwa ubavu, kana kwamba umeikata dunia kwa kisu ukaangalia pembeni, unapata utepe umelala mshazari, unaanzia kwenye mtaro na kuzama kuelekea chini ya bara la Asia. Huo utepe ndo bamba la Pasifiki lenyewe linazama. Hakuna aliyewahi kufika huko, shimo refu kuliko yote waliyochimba watu ni kilomita 12 tu, lakini bamba linaonekana kwa sababu linatetemeka njia nzima ya kushuka kwake.

Aliyeanza kuligundua hili ni Kiyoo Wadati, Mjapani, miaka ya 1920 na 1930, wakati huo watu walikuwa wanabishana kama tetemeko la chini hivyo linawezekana hata, baadaye Hugo Benioff wa Marekani akaliona sehemu nyingine za Pasifiki, ndo maana huo utepe unaitwa kwa majina yao wawili. Na una mwisho wake, ukishapita kilomita 700 hivi matetemeko yanakoma kabisa, dunia nzima. Mwaka 2013 lilitokea moja chini ya Bahari ya Okhotsk, Urusi, ukubwa wa 8.3, kina cha kilomita kama 600, na watu walilisikia mpaka Moscow, lakini madhara yalikuwa madogo mno ukilinganisha na ukubwa wenyewe. Kilomita 600 za mwamba juu yako zinapunguza mengi, na hapo ndo kina kinakuhusu hata wewe unayesikiliza redio: tetemeko dogo la kilomita 8 chini ya mji linaweza kubomoa kuliko kubwa la kilomita 600.

Halafu angalia volkano za Japani. Zimejipanga mstari, na mstari huo haukai juu ya mtaro, umesogea ndani ya nchi, pale ambapo bamba linalozama limeshafika kina cha kilomita 100 hivi. Sio bahati. Lile bamba limekaa baharini mamilioni ya miaka, madini yake yameshika maji, likizama na kubanwa maji yanatoka na kuingia kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, na mwamba wenye maji unayeyuka kwa joto dogo kuliko mkavu. Ndo magma inazaliwa, inapanda. Wengi wanadhani volkano inatokana na bamba kusuguana mpaka likaungua, sio hivyo, ni maji. Kwa hiyo ukikuta vitu vitatu kwa mpangilio huu, mtaro, halafu matetemeko yanayozidi kuzama, halafu mstari wa volkano sambamba na mtaro, huna haja ya kuuliza mtu: bamba moja linaingia chini ya lingine, na linaingia kuelekea upande wa volkano. Jaribu kwenye ramani ya Chile, ya Indonesia, ya visiwa vya Aleutian, itakubali kote.

SWALI: Habari kaka mhariri. Mimi kinachonitatiza ni sakafu ya bahari. Kule chini giza, maji kilomita nne tano, walipimaje milima? Na nimesikia eti mwanamke ndo alichora ramani ya kwanza, ni kweli au ni stori za mitandaoni?

JIBU: Nzuri dada yangu, na ni kweli. Anaitwa Marie Tharp, alikuwa kituo cha utafiti cha Lamont, Marekani, na kazi yake ilikuwa ni kuchora namba ambazo wanaume walizileta kutoka baharini, maana wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti.

Kupima wanatumia sauti. Meli inapiga mlio, mlio unashuka, unagonga sakafu, unarudi, na kwenye maji ya chumvi sauti inakwenda mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio ukirudi baada ya sekunde 6 ina maana umesafiri mita 9,000 kwenda na kurudi, kina ni mita 4,500. Meli inatembea huku inapiga, unapata mstari mmoja wa vimo chini ya njia iliyopita. Tharp mwaka 1952 alikuwa na mistari sita tu iliyokata Atlantiki ya Kaskazini. Akaipanga juu chini. Kwamba katikati ya Atlantiki kuna safu ya milima lilikuwa linajulikana, ila yeye akaona kitu kingine, kwamba kileleni mwa ile safu kila mstari una mkato, kibonde chenye umbo la V, na milima yenyewe haifanani kati ya mstari na mstari lakini kibonde kipo palepale. Kama ni bonde la ufa basi maana yake bahari inapasuka katikati, na hilo lilikuwa ni jambo la kukutoa kazini wakati ule. Bosi wake Bruce Heezen akamwambia hayo ni maneno ya kisichana.

Kilichomgeuza Heezen ni matetemeko. Kwenye meza ya jirani alikuwepo kijana Howard Foster, kiziwi, amesomea uchoraji, yeye kazi yake ilikuwa kuweka nukta za matetemeko ya baharini kwa ajili ya watu wa nyaya za simu waliotaka kujua sehemu gani nyaya zitakatika. Ramani yake na ya Tharp zilikuwa za kipimo kimoja. Wakaziweka moja juu ya nyingine juu ya meza yenye taa, na nukta zikaangukia ndani ya kibonde. Ndani kabisa, sio kwenye milima ya pembeni. Hapo mjadala ukabadilika, na wakaanza kwenda kinyumenyume pia, sehemu ya bahari ambayo haina vipimo vya meli lakini ina mkanda wa nukta za matetemeko wakawa wanasema hapa lazima safu ya milima ipo, meli zikienda zinaikuta. Ndo ikajulikana kwamba safu ni moja, inazunguka dunia kilomita kama 65,000, inapita Atlantiki, inazunguka kusini mwa Afrika, inaingia Bahari ya Hindi, inakwenda mpaka Pasifiki. Hakuna safu ya milima ndefu kuliko hiyo na karibu yote iko chini ya maji, Iceland ni sehemu mojawapo chache ambapo imejitokeza juu.

Kuna kingine cha kuongezea hapo, sumaku. Lava ikipoa inashika uelekeo wa sumaku ya dunia ya siku hiyo, na sumaku ya dunia huwa inageuka, kaskazini inakuwa kusini, mara ya mwisho ni miaka 780,000 hivi iliyopita. Meli zikivuta kipima sumaku juu ya safu zinapata milia, mlia wa kawaida, mlia uliogeuka, wa kawaida, na milia ya upande huu ni sawasawa na ya upande ule. Wanasayansi wawili wa Uingereza, Vine na Matthews, wakaeleza mwaka 1963 kwamba hiyo ni kwa sababu sakafu inazaliwa kileleni, inagawanyika nusu kwa nusu, kila nusu inakwenda upande wake na alama yake. Kwa kuwa miaka ya kugeuka inajulikana na upana wa milia unapimika, unapata mwendo: Atlantiki sentimita 2 na kitu kwa mwaka, sehemu za mashariki ya Pasifiki zinafika 15. Na sakafu kongwe iliyobaki kwenye bahari kuu ni ya miaka milioni 180 hivi wakati mabara yana miamba ya miaka bilioni 4, maana ya zamani yote imeshamezwa kwenye mitaro. Siku hizi hata setilaiti zinasaidia, mlima wa chini ya bahari una uzito, unavuta maji, juu yake uso wa bahari unavimba mita moja mbili, setilaiti inaupima uvimbe. Ila kwa undani bado ni sauti tu, na sehemu kubwa ya sakafu mpaka leo haijapimwa na meli.

SWALI: Mzee wangu naomba nikupinge kidogo. Kila mtu anasema penye mpaka wa mabamba pana volkano. Mbona ule ufa wa San Andreas kule California ni mpaka mkubwa unajulikana dunia nzima na juu yake hakuna volkano? Au ushahidi wa volkano ni wa kubahatisha?

JIBU: Pinga tu kijana, na swali lako ni zuri, ila kosa liko kwenye "kila mtu anasema". Volkano inahitaji mwamba uyeyuke, na mwamba unayeyuka kama mabamba yanaachana, mwamba wa chini unapanda na mgandamizo unapungua, au kama moja linazama na kupeleka maji huko chini. San Andreas hakuna hata moja kati ya hayo. Pale bamba la Pasifiki linapita pembeni ya lile la Amerika Kaskazini, kuelekea kaskazini magharibi, linateleza tu, hakuna kinachozama wala kinachofunguka. Kwa hiyo unakuta matetemeko mengi, ya juujuu tu, hayavuki kilomita 15 au 20 hivi kwenda chini, na volkano hakuna. Tetemeko la 1906 lililoharibu San Francisco liliacha uzio wa shamba umekatwa, kipande kimoja kimesogea zaidi ya mita 2 pembeni, hakikupanda wala hakikushuka, kimesogea. Volkano kukosekana ni ushahidi kama ilivyo kuwepo kwake.

Na ukitaka kuhakikisha panda na pwani hiyohiyo kwenda kaskazini. Ufa unaishia rasi ya Mendocino, kaskazini mwa California, kutoka hapo kuna bamba dogo la Juan de Fuca linalozama chini ya bara, na volkano zinaanza palepale, Lassen, Shasta, halafu Mount St. Helens iliyolipuka 1980. Pwani moja, ila mpaka umebadilika aina.

Mipaka ya kuteleza iko mingi zaidi chini ya bahari, na hapo kuna mtego mzuri sana. Ile safu ya katikati ya bahari sio mstari mmoja ulionyooka, imekatwa vipande, kipande kinaishia kwenye ufa, kinachofuata kinaanzia mbali. Kwenye ufa wa Romanche, Atlantiki karibu na ikweta, safu imehama kama kilomita 900, ukienda kaskazini kipande kinachofuata unakikuta magharibi. Mtu yeyote akiona atasema ilikuwa safu moja, ufa ukaikata, upande wa kaskazini ukasukumwa magharibi. Mwanasayansi wa Kanada aliyeitwa J. Tuzo Wilson mwaka 1965 akasema hapana, pale katikati ya vipande viwili upande wa kaskazini unakwenda mashariki, kinyume kabisa na macho yanavyosema, kwa sababu kila upande unasukumwa kutoka kwenye safu yake yenyewe, sakafu ya kaskazini imezaliwa kwenye kipande kilichoko magharibi kwa hiyo inakimbia kuelekea mashariki, ya kusini vivyo hivyo kinyume chake. Akaongeza kwamba matetemeko yatakuwa kati ya ncha mbili za safu tu, ukishazipita ufa unaendelea kuonekana kwenye sakafu lakini ni kovu, pande zote mbili zinakwenda njia moja, hakuna cha kusuguana.

Hilo unaweza kulipima. Wimbi la kwanza la tetemeko likifika kwenye kituo ama linasukuma ardhi juu ama linaivuta chini, na ukikusanya vituo vya pande zote unajua mwamba uliruka kuelekea wapi. Lynn Sykes, mtaalamu wa matetemeko wa Marekani, akachukua data za vile vituo vya kuwindia mabomu, akaangalia matetemeko ya nyufa za Atlantiki na kwingineko, akatoa matokeo 1967. Wilson alikuwa sahihi kwa yote mawili, uelekeo na sehemu ya nukta. Mimi binafsi naona hiyo ndo siku mabamba yalipoacha kuwa maoni, maana mtu alitabiri jambo ambalo akili ya kawaida inalikataa na vifaa vikamkubalia.

SWALI: Na Hawaii je? Iko katikati ya bamba na ina volkano hatari.

JIBU: Hawaii sio mpaka na nukta zinasema hivyohivyo, hakuna mtaro jirani, hakuna utepe wa matetemeko unaozama, na matetemeko yaliyopo ni ya magma kupenya na uzito wa mlima wenyewe kulemea ganda. Kuna sehemu ya moto mwingi huko chini ambayo imekaa karibu palepale, bamba linapita juu yake, linatobolewa, linasogea, linatobolewa tena (huyohuyo Wilson ndo alilisema, 1963). Ukifuata visiwa kwenda kaskazini magharibi umri unapanda, kisiwa kikubwa chenye volkano hai hakijafika miaka milioni 1, Kauai ni kama milioni 5, halafu vinaendelea chini ya maji maelfu ya kilomita mpaka karibu na Urusi, na vina kona moja kali ya miaka kama milioni 47 iliyopita. Kwa hiyo huo mstari wa visiwa haukuonyeshi mpaka ulipo ila unakuonyesha bamba lilikuwa linaelekea wapi, na hilo nukta za matetemeko haziwezi kukupa, zenyewe zinajua ya leo tu.

SWALI: Mbona Himalaya hakuna volkano na mabamba yanagongana?

JIBU: Kwa sababu yanayogongana ni mabara mawili, yote mepesi, hakuna linalokubali kuzama vizuri na bahari iliyokuwa katikati imeshamezwa kitambo pamoja na maji yake. Ushahidi wa bahari hiyo uko juu, mwamba wa kileleni Everest ni wa chokaa na una mabaki ya viumbe vya baharini. Matetemeko yapo, kama lile la Nepal 2015 la ukubwa wa 7.8.

SWALI: Mwandishi, kuna video zinazunguka zinasema Afrika inapasuka vipande viwili, zinaonyesha ufa mkubwa umekata barabara Kenya. Ni kweli? Tuna muda gani?

JIBU: Kupasuka ni kweli, muda upo. Ule ufa wa Machi 2018 karibu na Suswa wanajiolojia wengi walisema ni mvua kubwa imesomba majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani, haukufunguka siku ile kwa bara kuvutwa, kwa hiyo ile video ni ushahidi mbovu wa jambo ambalo ni la kweli.

Ushahidi wenyewe ni uleule tuliouzungumza toka juu. Kuna mkanda wa matetemeko unashuka kutoka Ethiopia, unagawanyika mikono miwili kuzunguka Ziwa Victoria, wa magharibi unafuata yale maziwa marefu membamba, Tanganyika lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi. Kuna volkano, Nyiragongo iliyomwaga lava mpaka pembeni ya Goma 2021, Ol Doinyo Lengai yenye lava ya ajabu isiyofanana na nyingine yoyote hai duniani, nyeusi, nyepesi, baridi kuliko za kawaida kwa nyuzi mia kadhaa. Na umbo la bonde ni lilelile, Tharp na Heezen walipolinganisha kibonde chao cha Atlantiki na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki waliona vinafanana, kimoja kina maji juu kingine hakina. Tofauti ni kwamba hapa mkanda ni mpana na umetawanyika, mpaka bado unajitengeneza.

Mwendo wake kwa vipimo vya GPS ni milimita 6 au 7 kwa mwaka upande wa kaskazini, kusini inapungua. Piga hesabu: milimita 6 mara miaka milioni 1 ni kilomita 6. Ila haiendi polepole kila siku, inalala halafu inaruka, Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, magma ilipenya kwenye ufa wa urefu wa kilomita kama 60 na ardhi ikafunguka sehemu nyingine mita 8 ndani ya wiki chache. Bahari mpya ikija itaanzia upande huo, na ni habari ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo endelea na mipango yako.

SWALI: Nimalizie mimi. Mabamba ni mangapi hasa? Kitabu kimoja kinasema 7, kingine 12, kingine 15. Na matetemeko yanayotokea katikati ya bamba yanatoka wapi?

JIBU: Makubwa ni 7, ukiongeza ya kati unapata hizo 12 na 15, na mwanasayansi Peter Bird mwaka 2003 alihesabu 52 kwa kuingiza yale madogo madogo. Namba inategemea nukta unazichukulia kwa ukali kiasi gani.

Na hilo la katikati ya bamba linahusiana na hilohilo. Mengine ni majeraha ya zamani, kama eneo la New Madrid katikati ya Marekani lililotikisika vibaya 1811 na 1812, chini yake kuna bonde la ufa lililoanza kufunguka zamani sana likaacha, likabaki sehemu dhaifu. Mengine ni dalili kwamba bamba tunalolihesabu moja sio moja. Aprili 2012 magharibi ya Sumatra, ndani ya bamba lenyewe na sio kwenye mtaro, lilitokea tetemeko la ukubwa wa 8.6, la kuteleza pembeni, ambalo ni kubwa kupita kiasi kwa sehemu isiyo mpaka, na wataalam wengi wanaona pale India na Australia zinaachana, kila moja inataka kwenda kwa mwendo wake. Nukta zake bado zimetapakaa eneo pana, hazijajipanga mstari, ndo maana vitabu vingine vinaandika India na Australia kama bamba moja na vingine mawili. Kama ni mtihani, andika jibu la kitabu mnachotumia.